Wape Kisu Kabla ya Kadi

Juzi dada mmoja wa Mbale kaniandikia: "Nafungua maonyesho yangu ya kwanza, nimwalike nani?" Nikacheka, kisha roho ikaniuma, maana swali hilo mimi nililijibu vibaya.

Mara ya kwanza nilifungulia Kampala. Ukumbi wa kukodi, divai, glasi za kukodi, suti ya kaka yangu. Wakaja watu kumi na mmoja, na watatu kati yao walikosea mlango. Mwenye ukumbi akasema picha zangu za lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, zinanuka kijiji. Sijamsamehe. Ufundi wa kupiga gome la mutuba umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008, yeye anaziba pua!

Jumamosi iliyopita nikafungua hapahapa Walukuba, Jinja, uani kwetu. Kadi sikumpa mtu. Nilimwendea mama wa nyumba ya pili: "Mama, kesho natundika picha, naomba unisaidie kumenya matoke." Basi. Aliyemenya hakosi kuja kula, wala haji peke yake. Saa nne asubuhi nina wanawake tisa na visu vyao, wanabishana kwa Kisoga, Kijaluo na Kiswahili jinsi ya kutandika majani ya migomba. Mikungu minne, karanga kilo sita; ile divai ilinigharimu zaidi.

Kosa nililifanya. Jiko niliweka chini ya picha kubwa kuliko zote. Lubugo hunywa mvuke, na adhuhuri ilikuwa imelegea, imeota kitambi katikati. Jiko likae mbali na ukuta, tafadhali.

Wasanii wenzangu, tunalia kwamba watu wetu hawapendi sanaa. Umewapikia? Umewaita kwa lugha yao, au umewabandikia tangazo la Kiingereza mlangoni? Wapikie. Nasema tena, wapikie.

Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kiwanda cha nguo alisimama na sahani yake mbele ya picha yangu ya mtambo wa kufuma. Akatafuna, akatazama, akatafuna. "Mwanangu, uzi huu ukipita hapa unakatika." Akanionyesha unapopita, kwa kidole chenye mchuzi wa karanga, mpaka kikagusa. Watu wakajaa nyuma yake, akawaeleza nusu saa nzima, mimi nimeshika sahani yake.

Uzi nimeurekebisha. Doa la karanga nimeliacha.