Omba daftari kabla hujamsikiliza afande

Siku ya kwanza kusimama mbele ya jaji nikiwa wakili, niligonga visigino. Sikukusudia. Miaka 14 ya polisi ilikuwa bado imo magotini, na jaji alipoingia mwili ulikaa mkao wa gwaride kabla akili haijakumbuka kwamba hapa watu huinama. Mbaya zaidi, tulipoulizwa kama tuko tayari kuendelea, nikajibu kwa sauti ya kaunta: "Ndiyo, afande." Karani aliziba mdomo kwa faili. Jaji aliandika kitu kwenye karatasi yake, na mpaka nastaafu sikupata ujasiri wa kuuliza alichoandika.

Nimekwisha kustaafu, nipo zangu Mwanga hapa Kigoma, asubuhi natembea mpaka sokoni, jioni naangalia ziwa. Lakini simu hazikomi. Wanaopiga ni askari vijana, wa Kasulu, wa Kibondo, wengine wa Tabora mjini, wanaosoma sheria wakitoka lindo na wanataka kupita nilikopita: kutoka kaunta ya polisi hadi kutetea polisi na halmashauri mahakamani. Wanauliza habari za ada na muda. Hayo ni mepesi. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake hapa Kigoma na Tabora pia, unaweza kusoma shahada ukiwa kazini. Mimi ilinichukua miaka 6 kwa sababu mitihani ilikuwa inagongana na zamu. Baada ya hapo kuna Shule ya Sheria Dar es Salaam, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na anayetoka chuoni leo haapishwi kuwa wakili bila kuipitia. Huko omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, tena mapema, usitegemee huruma ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

Ugumu uko kwingine. Ugumu ni kwamba utakapovua sare utabaki unawaamini waliovaa.

Nieleze ilivyonikuta.

Nilikuwa mwanasheria wa halmashauri moja, sitaitaja. Kesi zetu nyingi zilikuwa na sura ileile: mgambo wa halmashauri wanamkamata mtu kwa kuvunja sheria ndogo, wanampeleka kituoni, polisi wanamweka mahabusu, mambo yanaharibika, mtu anashtaki. Mdaiwa wa kwanza halmashauri, wa pili mkuu wa kituo, wa tatu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo kutetea halmashauri na kutetea polisi ilikuwa kazi moja, na kwa kuwa nimetoka huko, mashahidi askari walikuwa wanakabidhiwa kwangu niwaandae.

Huyu mama alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Alidai alikamatwa Ijumaa mchana, mapipa yake yakamwagika, akalala mahabusu usiku tatu, akatoka Jumatatu bila kufikishwa mahakamani. Koplo aliyekuwa zamu alikanusha: aliletwa Jumapili asubuhi, akatoka kesho yake kwa dhamana, saa 24 hazikutimia. Rejista ya mahabusu ilisema hivyohivyo. Jumapili, saa 3.10 asubuhi.

Nilimwamini. Nitakuwa mkweli kuhusu sababu. Buti zake zilikuwa zimepigwa rangi vizuri, alinyoosha mgongo alipokaa, na aliniita "afande" kwa namna ambayo sikuwa nimeitwa miaka mingi. Nikamkumbuka binti niliyekuwa mimi, WP, yaani askari wa kike, mwenye namba ya shaba begani, nikilinda kaunta peke yangu usiku wa mvua. Sikumuuliza swali hata moja ambalo ningemuuliza shahidi wa upande mwingine.

Miaka ile Kigoma haikuwa na masjala yake ya Mahakama Kuu. Mashauri yalisikilizwa Tabora. Tulipanda treni jioni, mimi, koplo na boksi la nyaraka lililofungwa kamba ya katani. Kituo cha Nguruka koplo akashuka kununua samaki, cha Kaliua akaninunulia asali. Usiku kucha tulipiga stori za depo, chuo cha polisi cha Moshi. Boksi lilikuwa chini ya miguu yangu, na ndani yake lilikuwamo daftari la matukio la kituo, OB, ambalo nilikuwa nimeliweka humo kwa sababu wakili wa mlalamikaji aliomba lije. Sikulifungua. Mimi, niliyeliandika daftari la namna hiyo kwa miaka, sikulifungua.

Wakili wa mama yule alilifungua. Alikuwa mzee mmoja mpole wa Tabora, suti yake imepauka kwenye viwiko. Akamwomba koplo asome kwa sauti ingizo la Ijumaa, saa 12.40 jioni. Koplo akasoma: mahabusu, jina la mama, ameletewa chakula na binti yake, wali na migebuka, kimekaguliwa, ni salama. Mwandiko ulikuwa wa koplo mwenyewe.

"Afande," yule mzee akauliza, "huyu mama alikula wali wa mahabusu siku mbili kabla ya kukamatwa?"

Kisha akaomba rejista. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Neno "Jumapili" lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi, ukurasa mzima uliobaki ulikuwa wa bluu.

Wakili wa serikali aliyekuwa anaongoza shauri alinigeukia. Hakusema kitu. Kurudi Kigoma nilikaa behewa tofauti na koplo.

Kuanzia hapo nilijiwekea utaratibu, na huu ndio ushauri wenyewe ambao ningependa uuchukue hata kama mengine utayaacha. Shahidi wako askari akija, usimsikilize kwanza. Mwambie akae nje, anywe chai. Omba OB, rejista ya mahabusu, hati ya kukamata mali, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama kuna aliyeumia, na kama gari lilitumika, kitabu cha safari cha gari. Vipange kwa saa, si kwa aina. Ukivipanga kwa saa, daftari moja litaanza kulisuta lingine bila wewe kusema neno. Ndipo umwite shahidi, na umuulize kama vile umelipwa na adui yake. Akikasirika, mwache akasirike ofisini kwako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mahakamani kifo hicho huja kwenye maswali ya dodoso ya wakili wa upande wa pili, watu wakitazama.

Utaratibu huo haukumkomoa askari kila mara. Kuna kijana alidai kavunjwa mkono na mgambo siku ya operesheni sokoni, na PF3 yake ilikuwa imetolewa siku moja kabla ya operesheni, kwa ugomvi wa klabu ya pombe. Kesi ile iliisha kabla ya saa 4 asubuhi. Karatasi haina ndugu.

Jambo la pili ni siku 90. Sheria ya Mashauri ya Serikali inamtaka anayetaka kuishtaki Serikali atoe kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 hali ni hiyohiyo kwa halmashauri: notisi siku 90, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Wananchi wengi huona hiki ni kiunzi cha kuwachosha. Mawakili wengi wa upande wetu huona ni mtego mtamu. Mtu akisahau kumuunganisha Mwanasheria Mkuu, unaweka pingamizi la awali, shauri linaanguka, unakwenda kunywa soda.

Niliwahi kuinywa soda hiyo. Mlalamikaji alirudi baada ya miezi minne, safari hii na wakili mwerevu, amekusanya picha na mashahidi ambao mara ya kwanza hakuwa nao. Pingamizi langu lilikuwa limempa muda wa kujiandaa. Sisemi usiweke pingamizi. Lipo kisheria na ni wajibu wako kwa mteja. Nasema usilihesabu kuwa ushindi.

Siku 90 ni zako wewe unayetetea. Ndiyo maana nilikuwa naudhika kukuta notisi imelala kwenye trei ya masjala, imegongwa muhuri wa kupokelewa, na chai imemwagikia kona. Moja niliikuta siku ya 70. Fundi seremala alikuwa anadai banda lake lilibomolewa bila taarifa. Sikuandika jibu. Nilichukua pikipiki nikaenda kuona.

Banda halikuwapo, ila alama yake ilikuwapo: mraba wa ardhi mwekundu zaidi ya jirani zake, mashimo manne ya nguzo, na vumbi la mninga lililoshikamana na udongo kwa mvua. Fundi alikuwa anapiga randa chini ya mwembe, hatua kumi kutoka pale. Alinionyesha risiti za ushuru wa halmashauri yetu alizokuwa akilipa kwa eneo lilelile ambalo tulidai amelivamia. Zilikuwa kwenye mfuko wa rambo, zimekunjwa vizuri, miaka minne mfululizo. Nilimuuliza mtendaji wa mtaa iliko nakala ya notisi ya kubomoa iliyosainiwa na fundi. Akasema taarifa ilitolewa kwa kipaza sauti.

Nilirudi nikamwambia mkurugenzi tumlipe tumalizane. Aliniangalia kwa muda. "Wewe ni wakili wetu au wa kwao?"

Swali hilo utaulizwa. Jiandae nalo, kwa sababu litatoka kwa mtu anayeweza kukuhamisha. Mimi nilimjibu kwa hesabu, si kwa hotuba. Nikamwandikia kwenye karatasi moja: bei ya mabati, mbao na siku za kazi alizopoteza fundi kwa upande mmoja, kwa upande mwingine safari za mashahidi, posho zao, siku za maofisa kukaa mahakamani, na uwezekano wa fidia ya jumla ambayo jaji hupanga kwa busara yake, si kwa risiti. Alisoma mara mbili. Tukapeleka maoni kwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ambayo tangu mwaka 2018 ndiyo inayosimamia mashauri ya madai ya Serikali, na jambo likaisha kwa hati ya maridhiano. Fundi yule baadaye alinitengenezea kabati. Nililipa bei kamili, na risiti ninayo, maana watu wa Kigoma tunajuana.

Kuhusu lugha, mtu wa polisi ana faida ambayo haisemwi. Maelezo ya onyo, yale anayotoa mtuhumiwa kituoni, siku zote tuliyaandika kwa Kiswahili, na mahakamani yakageuzwa Kiingereza, na katika kugeuzwa yakapotea mengi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, aliyezoea kuandika "alinijibu kuwa" na "nilimwonya kwamba" hana haja ya kuona aibu mbele ya waliosoma shule za kulipia. Andika kama ulivyokuwa ukiandika kaunta, ila kwa kalamu moja.

Na jina la "afande" halitoki. Kwenye korido za mahakama makarani wananiita hivyo mpaka leo nikienda kusalimia. Mawakili wa upande wa pili walikuwa wanalitumia kunichokoza, hasa wakitaka jaji akumbuke nilikotoka. Mwanzoni lilinikera. Baadaye niligundua linanisaidia: askari aliyeshtakiwa hunisikiliza nikimwambia amekosea, jambo ambalo hasikii kwa wakili aliyetoka chuoni moja kwa moja. Analiona kama neno la mkubwa wa zamu.

Juzi kijana mmoja wa kituo cha mbali huko barabara ya Kasulu alinipigia, anataka kujua kama aache kazi kwanza ndipo aende Shule ya Sheria. Nikamwambia asubiri barua ya ruhusa mkononi. Kabla hajakata simu nikamuuliza rejista ya mahabusu kwao inajazwa saa ngapi, mtu akiingia au mwisho wa zamu.

Akacheka. "Afande, hiyo huwa tunaiweka sawa asubuhi."