Barua kwa mwanangu: kula meza moja na asiyeamini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma kwa sauti ili mama yako naye aisikie. Unasema kwamba mwenzako wa kazini, ambaye mmezoea kula pamoja chakula cha mchana huko Nairobi, amekueleza waziwazi kuwa haamini kwamba Mungu yupo, na tangu siku hiyo umekuwa ukiyakwepa mazungumzo ya dini usije ukamuudhi. Umeniuliza kama huko kunyamaza ni kumheshimu, au ni kuikana imani uliyolelewa nayo.

Kuikana imani sidhani, lakini heshima nayo siioni humo. Mtu akikufunulia jambo zito namna hiyo kuhusu nafsi yake, nawe ukageuza maneno mkaanza kulalamikia foleni ya Barabara ya Thika, umemtendea kama mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautajwi mbele yake. Sisi Wakristo, tukikutana na asiyeamini, ama humhubiria ama humkwepa, na kwa njia zote mbili yeye hubaki hajasikilizwa.

Nataka nikueleze habari za Kardinali Carlo Maria Martini, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Milano nchini Italia. Mwaka 1987 alianzisha mikutano aliyoiita kiti cha wasioamini, naye hakuwaita watu hao ili awafundishe katekisimu, bali waseme mbele ya waumini kwa nini hawaamini. Alikuwa na usemi kwamba ndani ya kila mmoja wetu wamo wawili, anayeamini na asiyeamini, nao huulizana maswali. (Mimi nimekuwa mkatekista miaka mingi, na sina ubishi naye hata kidogo.) Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, aliandikiana barua za hadharani na Umberto Eco, mwandishi aliyelelewa katika Ukatoliki kisha akaiacha imani akiwa kijana. Martini hakumuuliza swali jepesi la adabu. Alimuuliza asiyeamini anausimamisha juu ya nini wajibu wake wa kutenda mema, hasa pale wema unapomdai hata uhai wake, ikiwa hana Mungu wa kumtegemea. Eco naye hakukasirika. Alijibu kwamba maadili huanza pale mtu mwingine anapotokea mbele yetu, kwa kuwa sote tuna mwili unaoumia na hakuna apendaye kuzuiwa kusema, kufikiri au kwenda atakako. Kisha akaongeza jambo ambalo bado linanigusa: hata kama habari za Kristo zingekuwa hadithi tu, kule kuweza kwa binadamu kuiwaza hadithi ya upendo kama hiyo kungekuwa muujiza. Hakuna aliyemvuta mwenzake upande wake, na barua zile hazikuharibikiwa kwa sababu hiyo.

Yapo pia mazungumzo yaliyotangazwa na redio ya BBC mwaka 1948, kati ya Padre Frederick Copleston, Mjesuiti, na mwanafalsafa Bertrand Russell. Kabla ya kubishana walikubaliana kwanza wanamaanisha nini wakisema Mungu, jambo ambalo mabishano yetu mengi hulisahau. Walipofika kwenye maadili, Russell alisema hutofautisha jema na baya kama anavyotofautisha buluu na njano, na kwamba katika jema na baya kinachomwongoza ni hisia zake. Padre akamkumbusha Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi: matendo ya mkuu wake yalikuwa maovu machoni pao wote wawili, lakini je, machoni pa Hitler? Kwangu mimi hapo Russell alibanwa. Lakini pale Russell aliposema kwamba ulimwengu upo tu, basi, wala hauhitaji kutafutiwa chanzo, Padre hakuweza kumsogeza hata hatua moja, na muumini mkweli hana budi kulikubali hilo.

Kwa hiyo, mwanangu, muulize. Muulize kama Martini alivyomuuliza Eco, kisha umwache ajibu mpaka amalize, bila kumkatiza kwa aya ya Biblia. Naye akikuuliza kwa nini unaamini, usijifiche nyuma ya tabasamu. Mtume Petro alitutaka tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, ila akaweka sharti, kwa upole na kwa hofu, na sharti hilo wahubiri wetu wengi hulipita mbio. Huenda atakutajia watoto wanaokufa na sala zisizojibiwa. Kama huna jibu, mwambie huna, wala usimtungie.

Haki yake ya kutoamini inalindwa na Kifungu cha 32 cha Katiba yetu ya 2010, katiba ileile ambayo utangulizi wake unamtaja Mwenyezi Mungu, kwa hiyo usimhesabu kuwa mgeni katika nchi yake.

Mama yako anasema uje naye Desemba. Tutasali kabla ya kula kama kawaida yetu, naye halazimiki kufumba macho. Chakula kikiisha nitampa kiti barazani, kwa kuwa nina maswali yangu kwake, na bila shaka yeye ana yake kwangu.

Baba yako