Kabla hujamkanda mgonjwa wa kiharusi

Juzi dada mmoja wa Sengerema kaniandikia: baba yake alipata kiharusi, mkono wa kushoto umekakamaa, wanamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni na bado haukunjuki. Dada yangu, weka hilo beseni chini kwanza.

Mama yangu alianguka Kirumba akianika dagaa. Mwanzoni mkono wake wa kulia ulilegea kabisa. Shangazi akaagiza akandwe, na mimi ndiye niliyemkanda. Mama kimya! Nikajisifu moyoni kwamba nina mkono mwepesi. Jioni ngozi ikatoka malengelenge. Kumbe alinyamaza kwa sababu hakusikia kitu. Hadi leo tukikutana kwenye misiba shangazi huniita "mkandaji", watu wanacheka, nami nacheka. Inaniuma, lakini na beseni aliagiza nani?

Miezi ikapita, mkono ukaanza kukaza. Ndipo tukampata mtaalamu wa mazoezi tiba, binti mdogo tu. Akamfunika mama macho kwa kanga, akawa anamgusa kwa kijiti cha meno, mara ncha, mara ubavu wake, mkono mzima na mgonjwa bila mpangilio: "Kali au butu?" Kwenye mkono mgonjwa mama alikuwa anabahatisha. Kisha akaukunjua mkono polepole, ukafunguka. Akaukunjua upesi, ukagoma katikati. Akasema mkazo wa kiharusi huamshwa na kasi. Kiungo kilichoganda hugoma hata ukienda taratibu. Kwenye kipimo cha Ashworth, 0 ni hakuna mkazo na 4 ni mkono usiokunjika wala kukunjuka. Mama akapewa 2.

Wenzangu tunaouguza wazazi, tusikilizane. Maji yapime kwa mkono wako au mkono mzima wa mgonjwa, kamwe si ule mgonjwa. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono wala kumshika kwapani. Bega lililolegea huchomoka kirahisi. Na akilalamika, mwamini. Mama aliposema kanga ikimgusa bega inamuunguza, nilimwambia, "Mama, unadeka." Hakudeka. Ubongo ukijeruhiwa unaweza kuzalisha maumivu wenyewe, hata kwa mguso wa kitambaa, na daktari ana dawa zake, tofauti na zile za maumivu tulizozoea. Nilichelewa kumpeleka. Wewe usichelewe.

Sasa mama anapepeta dagaa kwa mikono yote miwili, na ungo haumwangukii. Kanga bado anaitupia bega la kushoto tu.