Hofu kabla ya upasuaji wa kifua: kila swali lipeleke kwa mwenye jibu

Ndugu yetu ameeleza kwamba amepigiwa simu na kupewa tarehe ya upasuaji wa kifua, yaani wa kuondoa matiti ili kifua kiwe bapa, jambo alilolisubiri kwa miaka, na tangu siku hiyo hapati usingizi, tumbo linamsokota, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa kitini, na sasa anajiuliza kama hofu hiyo ni dalili kwamba hakupaswa kuuomba upasuaji wenyewe. Anaishi hapa Ontario, Kanada, kama mimi, naye ni mwanamume wa transjenda kama mimi, yaani alizaliwa akahesabiwa msichana lakini ni mwanamume, na hajawahi kupasuliwa. Mimi nilifika kwenye chumba cha upasuaji nikiwa sijawahi kulazwa hospitali hata kwa malaria, kwa hiyo hali anayoieleza ninaifahamu vizuri.

Nianze na lile linalomtesa zaidi. Mtu anayeogopa kupasuliwa si lazima awe na shaka na uamuzi wake. Anayekwenda kutolewa kidole tumbo huogopa vilevile, na hakuna anayemwambia kwamba huenda basi kidole tumbo chake ni kizima. Sisi hofu hiyo hutulemea zaidi kwa sababu tumezoea kuificha. Ili bima ya afya ya jimbo, yaani OHIP, igharimie upasuaji huu, lazima mtaalamu aliyefunzwa akutathmini na kuupendekeza, kisha Wizara ya Afya iidhinishe kabla ya siku yenyewe. Aliyepita kwenye maswali yale hujifunza kuonyesha uhakika mtupu, kwa kuogopa kwamba neno moja la kusitasita litamrudisha mwanzo wa foleni. Hofu ya kawaida inapomjia, hana wa kumwambia: jamaa zake wataishika kama ushahidi, na madaktari anadhani watamfutia tarehe. Mimi nilimwambia muuguzi wa kliniki kwamba ninaogopa mno, na nilimwambia kwa sauti ya chini kana kwamba ninakiri kosa. Hakushtuka. Aliniuliza tu, «Unaogopa nini hasa?»

Nilichukua daftari nikaandika kila kitu kilichokuwa kikiniamsha usiku, na kando ya kila kimoja nikaandika jina la anayeweza kukijibu. Ilibainika kwamba nilichokuwa nikikiita wasiwasi ni maswali mengi yaliyosongamana, na mengi kati yake yalikuwa na wenyewe. Ninakushauri ufanye hivyo kabla ya kujaribu mbinu nyingine yoyote.

Kama ukiandika utaona kwamba baadhi ya mistari ni shaka ya kweli, kwa mfano kwamba unafanya hivi kwa kuharakishwa na mtu mwingine, ipeleke kwa mshauri wako mapema, na ujue kwamba tarehe huahirishwa bila aibu yoyote. Jiulize pia ungejisikiaje kama simu ingepigwa leo kusema upasuaji umefutwa. Mimi kuliwaza hilo tu kulinikaba koo, na hapo nikaacha kujihoji. Kuhusu majuto, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya tafiti 27 zenye wagonjwa wapatao 7,900 wa transjenda waliofanyiwa upasuaji wa aina mbalimbali wa kuthibitisha jinsia, ulikadiria waliojuta kuwa karibu asilimia 1. Wapo waliokosoa namna baadhi ya tafiti hizo zilivyofuatilia wagonjwa, na ukosoaji huo una haki yake, lakini hata ukiongeza idadi hiyo mara kadhaa bado ni wachache.

Hofu iliyonishika kuliko zote ilikuwa ya nusukaputi, yaani kulazwa usingizi mzito kwa dawa. Nilikuwa na hakika kwamba nitazinduka katikati ya upasuaji, nisikie kila kitu na nisiweze kusema. Hilo si swali la daktari mpasuaji wala la rafiki aliyewahi kupasuliwa. Ni la daktari wa usingizi, nawe unaweza kuomba kuzungumza naye kabla ya siku yenyewe. Wangu alinieleza kwamba hatoki chumbani tangu dawa ya kwanza hadi mgonjwa aamke, na kwamba kazi yake nzima ni kutazama pumzi, mapigo, shinikizo la damu na kina cha usingizi. Baadaye nilisoma kwamba utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta taarifa moja ya mgonjwa kuzinduka kwa takriban kila nusukaputi 19,000, na nyingi za taarifa hizo zilihusu dakika za mwanzo au za mwisho, wakati wa kulazwa usingizi au kuamshwa, kabla kisu hakijagusa ngozi au baada ya kazi kwisha. Hofu yangu haikuondoka, ila ilipungua kiasi cha kuniruhusu kulala.

Mwambie daktari huyo kila kitu unachotumia, bila kuona haya. Bangi ni halali Kanada tangu 2018, na najua wengi wetu huivuta ili kutuliza mawazo. Anayeivuta mara kwa mara huenda akahitaji dawa nyingi zaidi ili alale, kwa hiyo ukificha unamnyima anayekulinda taarifa anayoihitaji. Sigara ni balaa kubwa zaidi hapa, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu iliyopandikizwa huishi kwa damu ya mishipa hiyo. Madaktari wengi hutaka uwe umeacha kwa wiki kadhaa kabla na baada. Na dawa za nyumbani zisikupite. Shangazi yangu alikuwa akinitumia habasoda na mafuta yake kutoka Tanga, nami nilikuwa nikiyanywa kwa imani zote, mpaka daktari alipoeleza kwamba mitishamba mingi huingilia kuganda kwa damu au dawa za usingizi, na ni desturi kuiacha wiki mbili kabla. Vidonge vya kutuliza vya rafiki usivimeze hata kimoja. Ukihitaji kitu cha kukutuliza asubuhi ile, omba. Watakupa kwa kipimo.

Kwa mpasuaji nilipeleka maswali ya kifua chenyewe. Uliza atatumia njia gani. Ikiwa ni mikato miwili chini ya kifua, ambayo hutumika sana kwa wenye kifua kikubwa, chuchu huondolewa, hupunguzwa na kupandikizwa upya, na kwa kawaida hisia zake hupotea au hupungua sana. Ni afadhali kulihuzunikia hilo kabla kuliko kushtukia baadaye. Uliza kuhusu mirija ya kutolea majimaji, ambayo mara nyingi hukaa takriban wiki moja, na kuhusu fulana ya kubana utakayoivaa kwa wiki kadhaa. Uliza pia gharama, kwa sababu OHIP hailipii kuchonga umbo la kifua, na wapo walioletewa ankara hiyo wakiwa tayari hawalali kwa mambo mengine. Picha za mitandaoni nilijiwekea mpaka. Nilitazama za mpasuaji wangu tu, za watu wenye ngozi nyeusi kama yangu, kwa kuwa sisi huwa hatarini zaidi ya kupata kovu lililovimba, na picha za Wazungu zilikuwa hazinijibu chochote.

Zipo hofu ambazo daktari hana la kusema juu yake. Mama yangu yuko Tanga na hajui. Nilimwambia tu kwamba nitafanyiwa upasuaji mdogo wa kifua na akaniombea dua, nami niliipokea dua hiyo nikijua haikuombwa kwa jambo ninalokwenda kulifanya. Ukiwa umelelewa pwani, utajiuliza pia kuhusu Mwenyezi Mungu, hata kama ulidhani umekwisha kulimaliza hilo. Nilisoma kwamba Ayatollah Khomeini, kiongozi wa Kishia, aliruhusu upasuaji wa namna hii Iran katika miaka ya 1980, lakini wazee wa kwetu ni Masunni wa madhehebu ya Shafi, na hoja hiyo isingewafika hata hatua moja. Mstari huo wa daftari niliuacha bila jina kando yake. Niliupangia muda maalumu, baada ya Isha, nikakaa nao na kulia ilipobidi, kisha nikafunga daftari. Mchana ukinijia nilijiambia kwamba saa yake bado. Washauri wa tiba ya mazungumzo hufundisha njia hiyo, na kwangu ilifaa kuliko mazoezi ya kupumua, ingawa kutoa pumzi taratibu na kwa muda mrefu kuliko kuivuta kulinisaidia ndani ya gari asubuhi ile.

Usiku wa mwisho una kazi zake, na kazi ni nzuri kwa mtu mwenye wasiwasi. Utaoga kwa sabuni ya kuua vijidudu kama wamekuagiza, utatandika shuka safi, utashusha vyombo vya kabati la juu kwa sababu mikono haitapanda juu ya mabega kwa wiki kadhaa. Chakula huachwa kwa muda wa angalau saa sita kabla ya upasuaji. Maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa mbili kabla ya upasuaji katika hospitali nyingi, lakini fuata maagizo yako, kwa kuwa aliyekula huahirishwa. Asubuhi mpasuaji alinisimamisha mbele yake akanichora kifuani kwa kalamu ya zambarau, akirudi nyuma kidogo kutazama kama fundi cherehani. Waliniuliza jina langu na upasuaji ninaofanyiwa, kila aliyeingia, na mwanzoni nilidhani wamechanganya mafaili. Ni utaratibu wa usalama. Kama jina la kitambulisho si lile unaloitwa, omba mapema liandikwe kwenye faili, ili lisikuchome dakika ile.

Usilale peke yako usiku wa kwanza. Upande mmoja ukivimba haraka, ukikaza na kuuma kuliko mwingine, huenda damu inajikusanya chini ya ngozi, na hapo unarudi hospitali hata kama ni saa nane za usiku. Jambo jingine ambalo ningependa ulijue mapema ni kwamba siku chache baadaye unaweza kuingiwa na huzuni nzito, kwa uchovu wa dawa, maumivu, kukosa usingizi na kufungiwa ndani, na akili iliyokuwa ikitafuta dalili za majuto itadai kwamba imezipata. Mimi nilikaa kwenye kochi nikilia mbele ya sahani ya wali, nikiwa bado sijauona mshono wangu. Hali hiyo kwa wengi hupita yenyewe; ikizidi wiki mbili, rudi kwa daktari wako, na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru usingoje miadi, piga au tuma ujumbe kwa 988, namba inayofanya kazi Kanada nzima tangu Novemba 2023, mchana na usiku.