Ufunguo wa bweni usiku anao nani?

Mzazi akimleta mtoto kidato cha kwanza kwenye shule ya masista, jicho lake la kwanza huenda kwenye ukuta na geti. Hasa huku kwetu kusini. Tangu lile shambulio la watu wenye silaha pale Kitaya, kijiji cha Mtwara mpakani na Msumbiji, mwaka 2020, akina baba wananiuliza mlinzi ana silaha gani kabla hata ya kuuliza ada. Sina ubaya na ukuta. Ila nimekuwa matroni wa mabweni ya wasichana, Mtwara na Lindi, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali ninalolisubiri haliji: bweni likishafungwa usiku, ufunguo anao nani?

Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana wapatao 40 walifia bwenini kwa moto. Idodi, Iringa, mwaka 2009, walikufa 12. Kyerwa, Kagera, mwaka 2020 walikufa watoto wasiopungua 10, na jirani zetu Kenya, pale Endarasha, wavulana 21 mwaka 2024. Ukuta hausaidii kitu hapo.

Mabweni yetu mengi yalijengwa kwa hofu ya mwizi, siyo ya moto. Mlango mmoja, nondo zilizochomelewa kila dirisha, vitanda vya ghorofa vimebanana na magodoro ya sponji juu yake. Sponji ikishika moto hutoa moshi mweusi mzito, na huo moshi ndio unaoua, mara nyingi kabla mwali wa moto haujamfikia mtu. Kwa hiyo kazi ya kwanza siyo kununua kamera. Mwite fundi wa kuchomelea, akate nondo za madirisha mawili au matatu ya kila bweni, azirudishe kwa bawaba, na komeo liwe upande wa ndani. Ni kazi ndogo ukilinganisha na bei ya geti jipya. Mlango wa pili ni gharama zaidi, lakini hapo ndipo ningepeleka mchango wa wazazi kabla ya kupaka rangi ukumbi. Na milango yote ifunguke kwenda nje, maana watoto wakisukumana hakuna anayeweza kuuvuta mlango ndani.

Shule moja niliyoitwa kusaidia mambo ya malezi, niliomba nifunguliwe bweni saa tatu usiku, watoto wakiwa tayari wamelala. Mlinzi akajikuna kichwa. "Ufunguo anao matroni, Mama." Matroni yuko wapi? "Ameenda jubilei parokiani." Wasichana wote hao walikuwa nyuma ya kufuli la nje. Sista mkuu nilipomwambia kufuli liondoke, tuweke komeo la ndani, akasema, "Mama, watatoroka hawa." Nikamjibu: "Anayetoroka nitampigia simu baba yake, Sista. Akiungua, nitampigia baba yake nimwambie nini?" Kufuli liliondoka wiki ile ile, na matroni akahamishiwa chumba cha ndani ya bweni.

Moto wenyewe unaanza wapi? Huku kwetu umeme umetusumbua sana, na ukikatika wakati wa prepo, yaani masomo ya usiku, mshumaa unawaka chini ya kitanda. Kumchapa mtoto hakuondoi mshumaa. Taa za sola zinauondoa. Halafu kuna simu za kuficha: nimewahi kupanda kitanda cha juu nikakuta waya mbili zimechomolewa kwenye holda ya taa, zimefungwa kwa mfuko wa nailoni, zinachaji simu ndani ya foronya. Kila mwezi pita mwenyewe ukague holda na soketi, usimwachie kiranja.

Zoezi la kutoka lifanyike usiku, taa zimezimwa. Zoezi la saa nne asubuhi, watoto wakiwa na sare na viatu, ni maigizo. Wafundishe kutambaa, maana hewa iliyobaki iko chini. Kila kiranja awe na orodha ya waliolala upande wake, akiwahesabu uwanjani. Na mtoto mwenye pumu au mguu mbovu alale karibu na mlango, siyo kitanda cha juu kule mwisho kwa sababu tu alichelewa kuripoti. Namba ya Zimamoto ni 114, ibandikwe ukutani, lakini ukiwa kijijini gari lao halitafika dakika kumi za mwanzo. Dakika hizo ni zenu, ndoo za mchanga na majirani. Ndiyo maana napenda shule inayomwalika mwenyekiti wa kijiji na shehe wa msikiti wa karibu kwenye mahafali. Siku ya moto hao ndio wanaokuja mbio.

Kwa shule za uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, naongeza tanki la maji ya mvua. Watu wanaliona ni jambo la usafi. Kwangu ni ulinzi: msichana anayetumwa na ndoo nje ya uzio alfajiri hana ukuta wala mlinzi.

Sasa lile tusilopenda kulisema kanisani. Mtoto anaweza kuumizwa na mtu mzima aliyeko ndani ya geti: mwalimu, mfanyakazi, hata mtumishi wa Mungu. Tangu mwaka 2019 Papa Fransisko alitaka kila jimbo la Kanisa liwe na njia ya kupokea taarifa za namna hiyo. Shuleni ianze na vitu vidogo. Ofisi ya ushauri iwe na dirisha la kioo mlangoni. Kitubio kifanyike kanisani panapoonekana na watu. Sanduku la maoni lifunguliwe na watu wawili pamoja, mmoja akiwa mzazi kutoka kamati. Nimeona sanduku ambalo ufunguo wake alikuwa nao mwalimu yule yule aliyekuwa akilalamikiwa. Watoto wengi wa shule zetu huku ni Waislamu, na wako wanaoona aibu kumweleza sista jambo la mwili. Wapate mtu mwingine pia, na namba 116 ya simu ya watoto, ambayo ni bure. Taarifa ikipatikana, iende ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi. Kumhamisha mtuhumiwa kituo cha kazi siyo kushughulikia.

Mzazi, siku ya kutembelea omba uoneshwe bweni analolala mwanao. Jaribu komeo kwa mkono wako mwenyewe. Wakikwambia utaratibu hauruhusu, waombe wakuoneshe utaratibu huo umeandikwa wapi, na kama haujaandikwa, ulete kwenye kikao cha wazazi.