Sombe chungu ugenini

Swali: Mimi ni wa Bukavu, sasa niko Brussels. Sombe (majani ya muhogo, kisamvu) ya barafu inabaki chungu hata nikizidisha mawese. Nakosea wapi?

Jibu: Mama, mawese hayaondoi uchungu. Majani yaliyotwangwa na kugandishwa kwa kawaida bado ni mabichi, na sombe mbichi ina sumu ya sayanidi. Chemsha gramu 500 kwa lita 1 na nusu ya maji, dakika 30, sufuria wazi kabisa. Ukifunika, mvuke wenye sumu unarudi ndani. Harufu ya ubichi ikiisha, tia kitunguu na bilinganya, saa 1 nyingine, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Kisha mawese vijiko 4 na chumvi. Sambaza kavu (dagaa wa Ziwa Kivu) zioshe, uzitie dakika 10 za mwisho, zisivunjikevunjike.