Shujaa asiye na adui

Mwanangu Rehema,

Hapa nyumbani hatujambo, ila mvua tu imetukalia. Kurasa ulizochora zimenifikia. Unasema shujaa wako amewamaliza majambazi wote wa mji na sasa kalamu imegoma: kesho yake akiamka, afanye nini?

Usikimbilie kumzulia adui mwingine. Swali hilo liliwahi kuwatoa jasho wakubwa wa kazi yako kule Marekani. Captain America, shujaa wa katuni, alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby. Toleo la kwanza lina tarehe ya Machi 1941, na jaladani anamtandika Hitler ngumi ya taya wakati Marekani yenyewe haijaingia vitani. Adui wa kubuni wa nini, wakati yupo hai na masharubu yake?

Vita vikaisha 1945. Wasomaji wakaanza kupungua, na waandishi wakampa yule bwana kazi ya ualimu. Ualimu, Rehema! Nilicheka peke yangu, maana mimi niliyekula vumbi la chaki nusu ya maisha yangu najua kwamba darasa la mchana wenye joto linataka nguvu kuliko Wanazi. Lakini hawakuiamini hiyo chaki. Usiku walimrudishia barakoa akimbizane na wezi. Mwaka 1949 kitabu chake kikageuzwa cha hadithi za kutisha, na toleo la 1950 lina jina lake juu lakini mwenyewe hayumo hata ukurasa mmoja.

Walipomfufua 1964 wakasema alikuwa ameganda kwenye barafu tangu vitani. Ualimu ukafutwa hivi hivi. Mimi naita huko ni kukwepa: waliona heri kumgandisha mtu miaka karibu ishirini kuliko kutueleza alivyokuwa akiishi.

Sasa watazame wabunifu wenyewe. Kirby alipigana Ufaransa, akarudi miguu imeharibiwa na baridi. Mwaka 1947 yeye na Simon wakaanzisha Young Romance, katuni za wachumba na wivu, zikauzika mpaka wachapishaji wengine wakaiga. Halafu 1962 akaja shujaa wa wabunifu wengine, Spider-Man, yatima anayelelewa na mjane wa ami yake, kodi ya nyumba inawaelemea, yeye anauza picha gazetini. Maadui anao tele, lakini mimi nilikuwa nawaruka nikasome habari za kodi.

Kwa hiyo wa kwako mwamshe asubuhi, jirani anagonga. "Mwanangu, wewe si unaruka? Nipandishie hili tangi la maji juu ya mnara." Analipandisha kwa mkono mmoja, watoto wanapiga makofi. Pembeni wamesimama vijana wawili na kamba zao, walioitwa kwa kazi hiyo hiyo, na sasa hawana cha kupeleka nyumbani. Mchore uso wake anapowaona. Kesho yake jirani wa pili naye ana tangi, na vijana wale wamekuja mapema kuliko jana. Hapo unazo kurasa kumi bila risasi hata moja, na bado hujatuambia yeye mwenyewe analipwa na nani.

Lile joho jeupe nalo libadilishe rangi. Kwa matope ya mtaa uliouchora halifiki saa nne.

Mama yako anakusalimu sana. Ameziangalia kurasa zote, anauliza kama huyo kijana ameoa.

Ni mimi,
Baba yako